Ulimi wa Kuazima

Kizimba cha Dada Suan kilikuwa ubavuni mwa changu, ghorofa ya nne, pale pale unaposhukia ngazi za umeme. Yeye aliuza tambi za supu ya kamba, mimi nauza vinywaji. Kwa miaka kumi na minane tulipeana migongo na kugombania soketi moja ya umeme, na kama kuna mtu aliyemjua vizuri katika jengo lile la maduka, ni mimi. Ndiyo maana jambo hili linanichoma mpaka leo.

Jina lake kamili ni Khor Geok Suan. Mfupi, mabega mapana, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuolewa, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu hajaona mwanamume wa kumwashia jiko saa kumi na moja alfajiri bila malipo. Supu aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa akiiuza kwa mkokoteni kando ya soko zamani hizo, kabla ya wauzaji kuondolewa barabarani.

Supu ile siri yake si kamba wenyewe. Ni vichwa na maganda yao. Unavitia kwenye karai lenye mafuta moto, unageuza, unageuza, na mwanzoni kunanuka shombo tupu. Halafu ghafla shombo inakata, inapanda harufu tamu ya kukufanya umeze mate, na hapo una nusu dakika tu ya kumwaga maji. Ukichelewa, maganda yanaungua na sufuria zima linakuwa chungu, hata ukitia mifupa ya nguruwe ya nchi nzima na sukari ya mawe juu yake. Jicho halisaidii, maana rangi ni nyekundu ile ile. Saa haisaidii, maana kamba wa leo si wa jana. Ni pua tu.

Na pua ndiyo iliyokufa. Mwaka wa ile homa iliyofunga dunia, Suan aliugua, akalala wiki tatu, akarudi amekonda. Siku ya pili akanivutia nyuma ya friji, akafungua kopo la kamba waliosagwa na kuchachuliwa, kitu ambacho ukikifungua hata waliolala wanaamka, akalitia puani. Akaniambia hasikii kitu. Wala ulimi hausikii, si chumvi, si sukari. Daktari alimwambia itarudi. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Angeniomba mimi nimwonjee, lakini mimi sili chenye damu wala samaki. Niliweka nadhiri mbele ya mungu mke wa huruma siku mume wangu alipopasuliwa tumbo. Mume akapona, akaondoka na muuza nywele za bandia wa ghorofa ya kwanza, lakini nadhiri ni nadhiri.

Basi Suan akaazima ulimi kwingine. Alimchagua Mjomba Teik Beng, mzee aliyekuwa fundi saa ghorofa ya pili mpaka watu walipoacha kuvaa saa, na ambaye aliendelea kuja kila siku kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, Suan alimpelekea bakuli la kwanza kwa mikono miwili. Hakumweleza kwa nini. Alisimama tu pembeni, mikono kifuani, mpaka mzee amalize, kisha akamuuliza supu ya leo vipi. Mzee alijibu kwamba ni ile ile. Suan akageuka na kuwasha taa za kizimba chake kama mtu aliyepewa hati ya mahakama.

Sasa ngoja niwaseme watu wetu, na mimi nikiwemo. Mtu wa kisiwa chetu cha Penang anaweza kuendesha gari saa nzima kufuata bakuli moja la tambi, na njia nzima ya kurudi akalichambua mpaka mate yamkauke: yai limeiva mno, pilipili haina nguvu, siku hizi si kama zamani. Lakini usoni mwa mpishi? Thubutu. Kwetu hata salamu ni chakula. Ukiulizwa umeshakula, unajibu umeshakula, hata kama tumbo linanguruma, kwa sababu hakuna aliyekuuliza habari za tumbo lako. Na ukiulizwa na mpishi chakula vipi, jibu lake lilishapangwa kabla hujazaliwa. Suan alijua hivyo kama sisi wote. Lakini mtu aliyebanwa husikia anachokitaka, naye akaichukua salamu akaifanya kipimo.

Mimi nilijua ukweli bila kuonja. Rafu ya vyombo vichafu ilikuwa upande wangu. Kabla ya homa, bakuli za Suan zilirudi tupu, watu walikunywa hadi tone la mwisho, wengine wakiinamisha bakuli bila haya. Baada ya homa zikaanza kurudi na supu. Mwanzo moja moja, halafu zote: tambi zimeliwa, yai limeliwa, kamba wameliwa, supu imebaki imetulia na mafuta yake mekundu juu. Nikawa nazimwaga. Kila niliposikia bakuli linawekwa, niliacha barafu yangu nikaenda kulimimina ndooni kabla hajageuka. Nilijiambia namhurumia. Zaidi ya miaka miwili nilifanya hivyo.

Wateja walipungua, na kisingizio kilikuwepo tayari. Jengo lenyewe lilikuwa linakufa. Duka la viatu limefunga, sinema imefunga, ghorofa ya tatu wamebaki wakanda miguu na taa moja tu. Suan alisema watu wamehamia majengo mapya ya kule Gurney, na sote tulitikisa vichwa.

Kisha akaja kijana wa ofisi ya jengo na karatasi ya mkataba, miaka miwili mingine, jibu likitakiwa Ijumaa. Mdogo wake Suan anaishi mji wa Taiping, na alikuwa akimsihi kila wiki aache kazi ahamie kwake. Suan aliniambia amekwisha kuamua. Kama supu bado ni ya mama, atabaki, hata ikibidi aziuzie nguzo. Kama siyo, hana haki ya kusimama nyuma ya sufuria lile hata siku moja. Aliponiambia hivyo alinitazama. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi. Nilimwambia asaini.

Jumatano ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilikiacha kizimba nikaenda hekaluni. Niliporudi mchana nilikuta rafu imejaa bakuli, na Suan amesimama mbele yake. Zilikuwa sita au saba. Alizitazama moja baada ya moja, akarudi kizimbani kwake.

Asubuhi ya Alhamisi Mjomba Teik Beng alikuja na kuketi mahali pake. Nilikuwa nachemsha maji ya chai, nikamwona Suan akiandaa bakuli. Alitia tambi za manjano na za mchele, mboga, nusu ya yai, kamba wawili, vitunguu vya kukaanga. Halafu badala ya kufunua sufuria la supu, akachota upawa katika maji machafu ya kuchovyea tambi, akayamimina humo, akadondosha mafuta ya pilipili juu yapate rangi. Akalipeleka kwa mikono miwili.

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

Mzee alikula. Alikula taratibu kama kawaida yake, akanyanyua bakuli, akanywa, akalirudisha mezani likiwa tupu. Suan akamuuliza supu ya leo vipi.

"Ile ile, mwanangu," akasema. "Mkono wa mama yako kabisa."

"Hayo ni maji ya kuchovyea tambi, Mjomba."

Mzee akalisogeza bakuli mbele. Akatoa leso akajifuta mdomo, pembe hii na ile.

"Niliona nyepesi kidogo," akasema.

"Na ya jana?"

"Dada Suan, wewe unaniletea bakuli kwa mikono miwili, unasimama juu ya kichwa changu, unaniuliza ni tamu. Ulitaka nikujibu nini?"

"Ya jana, Mjomba. Naomba."

"Chungu," akasema mzee, kwa sauti ndogo sana. "Kama mkaa. Siku nyingine siyo sana."

"Mbona ulikuwa unamaliza?"

"Ulikuwa unanitazama."

Suan hakumfokea. Afadhali angemfokea. Mzee aliinuka, akavaa kofia yake, akaomba radhi mara mbili, akateremka na ngazi za umeme akiwa ameshika ukingo wake kwa nguvu kama mtoto. Hajarudi tena ghorofa ya nne, na nasikia siku hizi hunywa kahawa kituo cha mabasi.

Kisha Suan akanigeukia.

"Hoon, bakuli zilikuwa zinarudi hivyo kila siku?"

Nikasema ndiyo.

"Ukizimwaga?"

"Ndiyo, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka kuugua."

Nilidhani atahesabu wateja, au atanitukana, na matusi nilikuwa nayastahili, nilikuwa nayangoja. Lakini niliona anahesabu kitu kingine. Midomo yake ilikuwa inasema miezi. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mchana.

"Basi mama alikula hiyo," akasema.

Mama yake alifariki mwaka uliotangulia, wakati wa mvua. Nilikwenda kwenye mazishi, nilikunja karatasi za dhahabu za kumchomea marehemu usiku wote pamoja nao. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kwa wiki tatu za mwisho Suan alimpelekea supu kila jioni kitandani, akamlisha kwa kijiko. Akanieleza pale pale, macho yakiwa kwenye sakafu. Mama yule, ambaye alikuwa anaweza kutema supu ya mtu barabarani na kumwita mpishi aje aitazame, hakuwahi kumsifu Suan kwa lolote tangu azaliwe. Jioni ya mwisho alikunywa bakuli zima.

"Akanishika mkono," Suan akasema. "Akaniambia, 'Suan, leo umenipita.' Miaka hamsini na sita, Hoon. Nilikuwa na hilo tu."

Nilitaka kusema labda siku ile haikuungua, labda siku ile pua ilibahatisha. Lakini ni nani angeniamini mimi, tena kwa habari ya supu? Nilikuwa nimeumaliza ukweli wangu wote kwa miaka miwili ya ndoo, na hata kama ningekuwa na neno la kweli, halikuwa na pa kushikwa. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na ni halali yangu.

Wakaja mke na mume, wateja wa kwanza wa siku ile, wakaagiza bakuli mbili, moja pilipili nyingi. Sufuria lilikuwa limejaa hadi ukingoni, mfuniko unacheza kwa mvuke. Suan akainuka, akawaambia imekwisha. Wakalitazama sufuria, wakatazamana, wakaenda kwa wali wa kuku.

Akazima moto. Nilimtengenezea chai ya maziwa ya kopo, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachojua kumpa mtu, nikaisukuma juu ya kaunta. Alikunywa yote, amesimama, mbele yangu. Akaniambia ni tamu.