Sura Yangu Kwenye Kichupa

Kwa miaka mingi nimechunguza neuropeptidi, yaani vijiprotini ambavyo seli za neva hutumia kupelekeana habari. Changu mimi ni oksitosini. Akina mama wengi wanaijua kama sindano ya uchungu. Mimi nilitaka kujua inafanya nini ubongoni panya jike anapoanza kuwapenda watoto wake. Ukoo ulichoelewa ni kwamba nimesoma mpaka nikaishia kwenye panya. Wakaniombea.

Krismasi moja, nyumbani Kilimanjaro, baba mdogo aliniuliza kazi yangu kwa mara ya kwanza. Ana duka la jumla la vipodozi Kariakoo na si mtu wa maswali ya bure. Nikaeleza kwa furaha mpaka nyama ikapoa. Akataka kujua jambo moja tu: hicho kitu mtu akikinusa, kinaingia? Nikasema wapo watafiti wanaowapulizia watu puani, lakini matokeo yao yanagongana. Hiyo "lakini" hakuisikia.

Karibu na Pasaka mkuu wa idara yangu aliniita. Mezani kwake palikuwa na kichupa cha rangi ya waridi, na kwenye kichupa nilikuwepo mimi, na koti langu jeupe, picha niliyoituma kwenye grupu la ukoo. Chini yangu waliandika: "Manukato ya Upendo. Yamethibitishwa na Daktari wa Ubongo." Mkuu, ambaye hajawahi kufungua makala yangu hata moja, lebo aliisoma yote. Akanihubiria kwa kirefu kuhusu heshima ya taaluma. Kisha akainuka, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Yanafanya kazi lakini? Maana juzi niliyapaka kwenye kikao cha bodi, na walinisikiliza."

Jumamosi nikaenda Kariakoo nikiwa nimefura. Nikamwamkia baba mdogo, akaitikia marahaba, halafu akawaambia wateja waliojaa kaunta kwamba ndiye huyu mwenyewe. Mama mmoja akanishika mkono kunishukuru: siku hizi mumewe anawahi nyumbani. Nikamwambia ndani mna maji, spiriti na marashi tu. Akacheka, akaongeza kichupa kingine. Alidhani ninaficha siri ya kazi.

"Baba mdogo, huu ni uongo, na una sura yangu."

"Mwanangu, miaka yote umewahudumia panya," akasema kwa upole. "Na binadamu nao wanataka kupendwa."

Nikamtishia mahakama, na hilo alilielewa. Picha yangu ikaondolewa, akawekwa mwanaume mwenye mvi na miwani, aliyeokotwa mtandaoni, ambaye huenda ni daktari wa meno. Baadaye baba mdogo alinieleza, kwa huruma kabisa, kwamba sasa manukato yanatoka kuliko mwanzo. Wateja wa Buguruni walikuwa wanasita, eti mambo ya ubongo, halafu daktari mwenyewe mwanamke.

Niliudhika kuliko siku ile ya kichupa, na mpaka leo sina hakika kama niliudhika kwa ajili ya sayansi.