Mfuko wa Kuning'inia Begani

Watu wakianza kubishana kama simu za siku hizi zimekuwa kubwa kupita kiasi, mimi huwaacha kwanza waongee. Wauzaji wa simu wana lao, wanafunzi wana lao, na wanaume wanaosubiri suruali zao kwenye benchi letu hapa mtaani Buyenzi wana maneno mengi kuliko wote. Wakichoka ndipo nasema langu. Mimi ni fundi cherehani. Simu za mji huu nimezipima kwa tepu, moja baada ya nyingine, urefu, upana na unene, na mtu asiniambie hazijakua. Nimezikatia mifuko kwa mkono huu.

Duka letu ni chumba kimoja chenye milango ya bati inayoangalia barabara, na mashine mbili, ya baba na yangu. Baba ameshonea watu wa mtaa huu tangu kabla sijazaliwa, na kuhusu mifuko alikuwa na sheria moja. Mteja analaza mkono wake juu ya kitambaa, vidole vikiwa pamoja, baba anauzungushia chaki mpaka kwenye kifundo. Mfuko unakatwa hapo, hauzidi. Alisema mfuko ni nyumba ya mkono. Mkono uingie wenyewe, utoke wenyewe, usikwame, kwa sababu huwezi kujua utakutana na nani njiani.

Hapa kwetu salamu ina kanuni zake. Mkubwa wako unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unaushika ule wa kulia karibu na kiwiko, kwa heshima. Mikono yote miwili ina kazi. Ukiwa unakula, au mikono yako ina grisi ya gari, unampa kifundo cha mkono akishike hicho, naye anaelewa kwamba vidole si safi. Mtoto wa Buyenzi anayajua haya kabla hajajua kusoma.

Basi zikaja hizo simu kubwa. Haziingii kwenye nyumba ya mkono, na zikiingia zinatoa kichwa nje. Watu wakaanza kutembea nazo mkononi kutwa nzima, na wakikutana na mtu wanamtolea kifundo, kana kwamba wamenyanyuka kwenye sahani sasa hivi. Siku moja mfanyakazi wa ofisi moja ya mtaa wa Rohero aliingia dukani, simu mkononi, akampa baba kifundo. Baba alikipokea, akakizungushia tepu kama anayepima mkono wa shati, akanitajia kipimo kwa sauti na kuniambia niandike. Nikaandika. Yule bwana alicheka, lakini baba hakucheka.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka mingi kwenye mashine ya pili. Nilishona, nilitia vifungo, nilipiga pasi, lakini sikukata. Kitambaa kikikatwa hakirudi, na baba alikuwa na sababu ya kuniweka mbali na makasi. Nilipokuwa msichana nilikata suruali ya mzee mmoja mwenye heshima zake, nikatoa miguu miwili ya kushoto. Baba alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mzee kuomba radhi, na aliporudi hakunigombeza. Aliyatundika makasi kwenye msumari wa upande wake na hayakurudi kwangu. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwa fundi, asiyekata ni msaidizi tu, hata akiwa na mvi, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa msaidizi.

Hali ilikuwa hiyo alipokuja jirani yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, anayependa kuvaa vizuri na kusikilizwa. Mpwa wake alikuwa anataka kuoa mtaa wa Ngagara, na yeye kama mjomba ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Walikuwa wamekwenda mara ya kwanza kubisha hodi, na mambo yalikuwa yameharibika mlangoni. Alitusimulia akiwa ameinamisha uso. Babu wa binti alimnyoshea mkono, na yeye alikuwa na simu kwenye mkono wa kulia, hakuwa na pa kuiweka, akatoa kifundo. Yule babu aliurudisha mkono wake na kuwaambia kwa upole kabisa, "Rudini mukimaliza kula." Wakageuka na sinia zao za zawadi, wanawake wakilia kwenye gari.

Sasa walikuwa wameombewa nafasi ya pili, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mjomba alitaka koti jipya la kuvaa juu ya kanzu, lenye mfuko wa kumeza ile simu yake. Baba alimwambia simu aiache nyumbani. Mjomba akasema haiwezekani, kwa sababu majina yote ya wazee wa ukoo wao ameyaandika mle, na msemaji akisahau jina la babu wa bwana harusi ni heri asiende. Baba akamuuliza kwa nini asiyaandike kwenye karatasi. Hapo mjomba alikohoa kidogo, akafungua simu na kutuonyesha. Kila jina lilikuwa na herufi kubwa kama za kwenye bango la duka. Macho yalikuwa yamechoka, na miwani hakutaka kuivaa. Alisema miwani ni ya wazee.

Ndiyo maana sipendi ubishi wa kusema simu kubwa ni upuuzi mtupu. Jicho la mtu wa makamo linaitaka kubwa, mkono wake unaitaka ndogo, na mwenye jicho na mwenye mkono ni mtu yuleyule. Wanaozitengeneza wamelisikiliza jicho. Mkono wametuachia sisi mafundi.

Baba hakutaka kusikia. Alisema koti si begi. Na alikuwa na hoja, kwa sababu fundi mmoja wa barabara ya pili alikuwa ameanza kushona mifuko mikubwa ndani ya makoti, na makoti yake yote yalilala upande, kola imepinda, kama baiskeli iliyofungwa mkungu wa ndizi upande mmoja. Baba alisema hawezi kumpeleka mtu posa amelala upande. Mjomba akaanza kukunja kitambaa chake ili akakijaribu huko mjini.

Nilisimama. Sijui nilipata wapi ujasiri, pengine nilikasirika tu, kwa sababu kazi ilikuwa inatoka mlangoni na mimi nimekaa.

"Baba, wacha nikate mi," nilisema.

Baba alinitazama, akamtazama mteja, akatazama kitambaa. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha kijivu, na hakikuwa na ziada hata ya kushonea kofia.

"Kata," alisema. "Lakini vesti ikiinama, ata kidogo, makasi hautaishika tena mi nikiwa mzima." Koti yeye huliita vesti.

Siku mbili za kwanza sikugusa kitambaa cha mjomba. Nilichukua koti bovu na mabaki ya bitana, nikashona mfuko wa kwanza, na kwa kuwa sikuwa na simu ya kuchezea nilitia humo kipande cha sabuni ya kufulia chenye uzito kama wake. Koti likainama. Nikashona mfuko wa pili, juu zaidi, nao ukavuta kola. Wa tatu ulikaa vizuri mtu akisimama, na akitembea ukampiga mbavuni. Baba alipita akaona sabuni, akaenda zake kwenye mashine yake.

Jibu nililipata asubuhi ya tatu nyumbani, nikivaa. Wanawake wa mji huu tunajua kubeba uzito kifuani bila nguo ya juu kuvutwa, na kinachoubeba ni kamba ndogo ya sidiria iliyopita begani. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Bega ndilo linalobeba, na mimi nilikuwa naulazimisha upande wa mbele wa koti kufanya kazi isiyo yake.

Basi nilikata ukanda wa pamba ngumu, nikaushona kwenye mshono wa begani, chini ya bitana mahali usipoonekana, na mfuko nikauning'iniza kwenye ukanda huo. Haukushikwa na kitambaa cha mbele hata kidogo. Mdomo wake niliukata kimshazari ili mkono wa kulia uingie bila kiwiko kuinuka. Nilitia sabuni, nikalivaa lile koti bovu, nikaenda mpaka kona na kurudi. Halikuinama. Baba aliniuliza wazo hilo nimelitoa wapi. Kuna mambo binti hamwambii baba yake, na mpaka leo sijamwambia.

Siku ya kukata kitambaa chenyewe, baba alikwenda msikitini kuswali Adhuhuri na hakurudi mpaka baada ya Alasiri. Nilielewa kwamba hakutaka kuona. Mimi niliandika kwa chaki, nikafuta, nikaandika tena, nikahesabu kulia na kushoto kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kisha nikasema bismillahi na kukata.

Jumamosi mjomba aliniomba niende nao, akasema uzi unaweza kukatika. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na mimi pia. Tulishuka kwenye magari karibu na nyumba ya binti, wanawake na sinia zetu nyuma, wanaume mbele. Mjomba alisimama mbele ya geti akiyapitia majina yake kwenye simu kwa mara ya mwisho, midomo ikichezacheza. Tulikuwa tunategemea kijana fulani aje kutufungulia, kama kawaida. Geti likafunguka, na aliyesimama pale alikuwa babu mwenyewe.

Akanyosha mkono.

Simu ilikuwa kwenye mkono wa kulia wa mjomba, kama mara ile. Nilikiona kifundo chake kikianza kujipinda. Halafu akakumbuka. Mkono wa kulia uliingia ndani ya koti na simu, ukatoka mtupu, mweupe kiganja, na wa kushoto ukaja wenyewe kushika kiwiko. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Yule babu aliutazama kwanza ule mkono. Kisha akaushika, akakaa nao muda mrefu.

"Karibuni," alisema. "Leo mumeshiba."

Watu walicheka kwa jinsi walivyokuwa wamebanwa na hofu, hata wanawake walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mabega. La kushoto na la kulia yalikuwa sawasawa, kola imelala shingoni, na ndani mle kulikuwa na simu ambayo ingetosha kukatia mboga juu yake. Mjomba aliitoa, akasoma majina yote bila kukosea, akairudisha, akakaa, akainuka, na koti halikusogea. Nilijivuna. Sioni haya kusema hivyo. Ndoa ile ilikuwa ya watu wengine, lakini mimi nilikaa kwenye mkeka nikaona kama nimeozwa mwenyewe, na pilau sikuionja vizuri kwa furaha.

Niliporudi baba aliniuliza neno moja tu, kama liliinama. Nikamwambia, "Apana." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake. Siku ya pili ikapita, na ya tatu. Makasi yalibaki kwenye msumari wake, na mimi niliapa sitayaomba, kwa sababu mtu akishafanya kazi kama ile hapaswi kuomba. Nilitia vifungo kwa hasira wiki nzima.

Alhamisi ya wiki ya pili gari moja lilisimama mbele ya duka, akashuka yule babu wa Ngagara, taratibu, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na simu kubwa kuliko ya mjomba, aliyotumiwa na watoto wake walio nje. Wazee wa rika la baba walikuwa wamekaa kwenye benchi letu, watu wanne au watano, wote wakimjua kwa miaka mingi. Babu aliweka plastiki chini, akampa baba mikono yote miwili, akasema amekuja kumtafuta fundi aliyekata lile koti la posa.

Benchi lote lilimgeukia baba. Jina la duka ni lake, na angeweza kusema ni sisi, au asiseme kitu akachukua tepu, na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi mwenyewe nilitegemea hivyo. Niliinamisha kichwa juu ya mashine.

"Ni mutoto yangu alikata," baba alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ule mufuko, mi singeuweza."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema kuna kitu cha nguo asichokiweza. Nilianza kukanyaga mashine kwa nguvu, nikiwa nimeinama ili wasinione uso, na nilikwenda mshono mzima kabla sijagundua kwamba sindano haikuwa na uzi.