Bado Nalitumia

Baba yangu anaitwa Tindo. Ndiyo, tindo ile ile ya chuma ambayo fundi mwashi huchongea mawe. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa babu yake. Siku alipozaliwa, baba yake alikuja mbio kutoka kazini, tindo ingali mkononi. Mkunga akacheka, jina likabaki. Tangu hapo, mwenye jina humnong'oneza mjukuu jina hilo sikioni kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo linapohama. Hakuna kusemewa.

Baba naye ni mwashi, na jina lake halichezewi. Karani mmoja wa vitambulisho aliwahi kumwambia, "Mzee, majina ya utani hatuandiki."

"La utani ni lako. Andika."

Kaka alipopata mtoto wa kwanza, tulimpeleka kwa Baba. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mpeni jingine. Hili bado nalitumia." Tukarudi mikono mitupu. Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Mwaka jana alipooza upande wa kulia. Maneno yote yakaenda, likabaki moja: bado. Akitaka chai, bado. Akitaka mlango ufungwe, bado. Mwanzoni tulicheka, naye akicheka kwa nusu ya uso.

Juzi kaka alileta mtoto wa pili, wa kiume tena. Zahanati ilitaka jina siku hiyo hiyo. Tukamlaza kichanga upande wa mkono mzima. Baba akainama sikioni, jasho likamtoka.

"Bado."

Akatikisa kichwa. Silo. Akavuta pumzi.

"Bado. Bado."

"Tunajua, Baba," kaka akasema. "Tunajua unachotaka kusema."

"Basi mimi nitamsemea," nikasema, nikainama.

Mkono wake mzima ukanidaka kifundo cha mkono, ukabana. Alikataa. Mgonjwa wa kulishwa uji, lakini ubishi wake uko palepale! Nilitamani kumgombeza, nilitamani kumkumbatia, sikuweza lolote.

Akajaribu mpaka mtoto akalala.

"Wifi," mke wa kaka akaniambia taratibu, "zahanati inafungwa saa tisa."

Wakaenda. Wifi alikuwa na jina alilolichagua kwenye simu, zuri tu. Mimi nikabaki kumfuta Baba kidevu.

"Wameshaondoka, Baba."

Aliutazama mlango, machozi yakimtoka.

"Bado," akasema.