Salamu ya Bibi na Beseni la Maua

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kwenye harusi ya mtoto wa jirani yangu. Ukumbi ulipambwa vitambaa kila kona, muziki unapigwa mpaka maji yanatikisika kwenye chupa. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa, akasema anataka mama mmoja mtu mzima ajitokeze, awasalimie wakwe kwa salamu ya Kiha ya zamani, ile ndefu ya magoti na makofi. Meza nzima ikanigeukia mimi. Nikasema magoti yananiuma. Nilidanganya, rafiki yangu. Magoti yangu ni mazima, juzi tu nimepalilia nusu eka ya maharage. Acha nikueleze kwa nini sikuinuka, maana hili sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Nililelewa Kitahana, upande wa Kibondo, na bibi mzaa mama. Nyumba yetu ilinuka moshi na asali, kwa sababu babu alipokufa aliacha mizinga msituni, na bibi hakukubali iachwe. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuanika mihogo juu ya mwamba na kufukuza kuku wasiidonoe. Nikirudi kutoka kisimani jioni ndipo tunasalimiana. Napiga magoti, napiga makofi polepole, na yeye, mtu mzima vile, ananipigia pia. "Mwidiwe, mama," ananiambia, halafu anaanza kuuliza. Njia ilikuwaje? Kisima kimejaa? Yule mbuzi wa pembe moja umemwona? Mama wa ng'ambo ya mto bado anakohoa? Kila swali na makofi yake, na kila jibu langu analipokea kwa "eeeh" inayopanda kisha inashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilipinda tangu siku alipojikata na panga akitafuta kuni. Hakikunyooka tena, kwa hiyo makofi yake yalikuwa na mlio wa kukwama kidogo. Hata ungenifunga macho katikati ya watu mia ningemtambua kwa makofi yale. Nilikuwa nimekwenda kisimani tu, lakini nilisalimiwa kama mtu aliyetoka safari ya mwezi mzima.

Nilipofika darasa la nne, mjomba wangu aliyekuwa karani wa serikali Kasulu akanichukua nikasome huko. Usinicheke nikisema Kasulu ilikuwa jiji. Miaka ile ya sabini, kwa mtoto wa Kitahana, jiji lingine lilikuwa la nini? Cherehani nne zinalia kwenye baraza moja, samaki wa migebuka wanakaangwa kwa mawese kando ya barabara, lori zinaingia kutoka Kigoma zimekolea vumbi jekundu. Na vituko sasa! Mpiga picha alikuwa na kitambaa kikubwa kilichochorwa ndege ya angani. Unakaa nyuma yake, unatoa kichwa kwenye kidirisha, unatoka pichani kama abiria. Mzee mmoja wa kijijini alipigwa picha hiyo, kisha akalalamika kwamba mbona hakusikia ikipaa. Siku za soko kulikuwa na bwana anayeendesha baiskeli akiwa ameketi kinyumenyume, na muuza chumvi mwenye kasuku wa Kongo aliyewasalimia wateja kwa Kifaransa. Mimi na watoto wa mjomba tulisimama mbele ya yule kasuku mpaka tunafukuzwa. Jamani, niliufurahia mji ule!

Shuleni ndiko kulikokuwa na moto. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, nami nikatoka kwenye dawati, nikapiga magoti sakafuni, nikaanza makofi yangu na "mwidiwe". Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, kaletwa kikazi. Kiha hakukijua, akanionyesha dawati kwa chaki. Darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina. Nilikuwa Mwidiwe. Mwidiwe lete daftari, Mwidiwe toka golini. Na wengi wao walikuwa Waha kama mimi, mabibi zao wanapiga magoti vilevile, ila wao walishajua kuficha.

Nililia mwezi mmoja. Halafu nikagundua dawa. Nikaanza mimi mwenyewe kuifanya ile salamu kabla hawajanitania, kwa kuipitiliza, na kwa sauti ya bibi. Wakacheka, lakini safari hii walicheka huku wamenizunguka. Kila mapumziko wananiomba, "Fanya bibi! Fanya bibi!" Nami nafanya. Nikapata marafiki wa kunigawia miwa.

Ikaja Sabasaba. Uwanja ulijaa watu kutoka kila upande. Kulikuwa na mlingoti uliopakwa grisi, juu yake shati jipya, na wanaume wazima wanateleza mpaka wanapasua suruali. Kulikuwa na mbio za magunia, na andazi lililoning'inizwa kwenye kamba, unalikimbiza kwa mdomo mikono ikiwa nyuma. Akina mama wa mtaani walimkimbiza kuku aliyepakwa mafuta, kuku akaingia chini ya meza ya wakubwa, wakubwa wakainua miguu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi alitarajiwa siku hiyohiyo kwa lori la maharage, ila mke wa mjomba alituambia asubuhi kwamba lori limeharibika njiani, huenda likafika kesho. Sikuwaza tena.

Mchana mtu wa kipaza sauti akatangaza shindano la vichekesho. Mshindi angepewa beseni la bati lenye maua mekundu. Wenzangu wakanisukuma mbele. Nikuambie nililitaka lile beseni nimpe bibi? Ningependa kukuambia hivyo. Lakini sikuwa na habari na beseni. Nilitaka uwanja mzima ucheke vile wenzangu walivyocheka wakinizunguka kule shuleni.

Nikapanda jukwaani, nikajifunga kitenge cha kuazima kifuani, nikapiga magoti. "Mwiiidiwe, mama!" Uwanja ukalipuka. Nikauliza habari za mbuzi wa pembe moja. Nikauliza habari za kikohozi cha ng'ambo ya mto. Nikavuta "eeeh" mpaka pumzi ikaniishia. Watu wanapiga miluzi, mtu wa kipaza sauti anajifuta machozi. Nikainua macho, na kule nyuma, juu ya vichwa vya watu, nikaona kibuyu cha asali.

Nilikijua kibuyu kile. Kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa ukili. Chini yake alikuwa bibi, amesimama na jirani yetu aliyempokea kwenye lori na kumleta uwanjani, vumbi la njiani limempaka mpaka kope. Alikuwa akinitazama mimi.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kushuka, nikamkimbilia. Nina miaka zaidi ya sitini sasa, na bado naipima ile nafasi, ilikuwa kubwa tu, pumzi mbili tatu nzima. Lakini watu walikuwa wanacheka, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimewaonyesha bado. Nikakunja kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nikapiga makofi yale ya kukwama. Nilikikunja nikiwa nimeshamwona. Loo, uwanja ulivyolia kwa kicheko!

Nikapewa beseni. Bibi akasogea mpaka nilipo, wenzangu wamenizunguka. Kwa desturi yetu nilitakiwa nipige magoti palepale. Nikasimama wima na beseni langu, nikasema, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba." Basi.

Nyumbani alitupakulia asali yenye masega, akatugawia sawasawa, mimi akanipa kipande kikubwa kama kawaida yake. Hakugomba. Baadaye tu, mke wa mjomba alipotoka kuchochea moto, aliniambia kwa Kiha, kwa sauti ya chini, "Umenipatia. Umepatia kila kitu, hata kidole." Na nikaona kwamba mkono wa kulia alikuwa ameuingiza ndani ya kitenge.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikuwa amejiandaa. "Hujambo, mwanafunzi?" aliniuliza. Nikasema sijambo. Salamu ikawa imekwisha.

Likizo nilirudi Kitahana, nikapiga magoti mlangoni, nikaanza makofi. Akanishika bega, akaniinua. "Inuka, utachafua nguo ya shule." Nikajaribu likizo iliyofuata, ikawa vilevile. Alinipikia, alinisuka, alinibembeleza nilipougua malaria, ila mkono ule aliuficha na salamu ile hakunipa tena. Nami sikumwomba radhi. Nilijidanganya kwamba amesahau. Alifariki nikiwa darasa la saba, tukiwa bado kwenye hujambo na sijambo.

Siku hizi Kasulu imekuwa mji kweli, na salamu za simu zinatosha. Wale mabibi wote wameshakwenda, na watoto wetu hawana hata wa kumuiga. Ndiyo maana mshereheshaji alinihitaji.

Niliporudi kutoka harusini nilifunga mlango, nikatandika mkeka, nikapiga magoti. Nilitaka kumsalimia yeye tu, bila mtu. Nikafungua mdomo, ikatoka ile sauti ya jukwaani, ya kuvutavuta ili watu wacheke. Nikaanza upya, ikatoka ileile. Kidole kikajikunja chenyewe. Nimemwiga sana mpaka nimempoteza. Nilichobaki nacho ni salamu ya kasuku, kama yule wa muuza chumvi. Nikangoja, labda nitasikia "njia ilikuwaje, mama?" kwa sauti yake ya kweli. Sikusikia kitu. Nikainuka, nikapangusa magoti. Hayakuuma hata kidogo.