Kikombe cha Baba

Siku ya kumzika baba, palipoulizwa kama yupo anayemdai marehemu, mwenye duka wa mtaa wetu wa Cheyo alinyoosha mkono. Mama akalibeba deni. Wenzetu walihamia vijiji vya Ujamaa, sisi tukabaki na chai isiyo na sukari na kiti cha baba kilicholia chenyewe mchana kweupe. Mama alisema ni panya. Panya gani? Maiti mwenye deni hapumziki, kila mtu anajua.

Deni lilipoisha, mama alinunua sukari na iliki. Tulikuwa wawili, akamimina vikombe vitatu. Tuliporudi kutoka kuswali alasiri chumbani, kikombe cha baba kilikuwa kitupu. Mama hakushtuka. Alikikaripia kiti:

"Umeshakunywa. Haya, nenda."

Kikalia mara moja, kama mtu mzito anapoinuka.