Asilimia Tisini na Saba

Mtaa mzima ulimwita Mama Kiberiti, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka thelathini akishona nyuma ya duka la rangi, hakuwahi kununua kitambaa bila kuchomoa uzi na kuuwasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja na kuwa kidonge cheusi kigumu. Wauza vitambaa wakimwona anakuja walificha mali yao ya uongo, na wengine walijificha wenyewe.

Kwa hiyo alipopata oda ya nguo themanini za watoto wachanga, kubwa kuliko zote maishani mwake, alilala usingizi mnono. Mwenye duka alitaka mambo mawili tu: muhuri wa mkaguzi, na lebo inayosema pamba ya kilimo hai, asilimia mia. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, akachapisha lebo, na kwa kunogesha akaongeza: "rafiki wa mazingira."

Mkaguzi alikuja asubuhi, dada mpole mwenye miwani na faili nene.

"Mama, hili 'rafiki wa mazingira' lina maana gani?"

"Maana yake nguo haigombani na mtu."

Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akaeleza kwamba kanuni mpya hazitaki maneno matamu yasiyo na ushahidi, hilo lifutwe. Cheti cha kilimo hai kutoka kwa wenye pamba alikisoma, akakikubali. Akatoa muhuri.

Laiti Mama Kiberiti angetulia. Lakini maringo nayo ni maradhi. "Ngoja nikuonyeshe ninavyopima mimi," akasema, akachomoa uzi kwenye mshono wa nguo moja na kuuwasha. Uzi ukajikunja, ukawa kidonge cheusi.

Miaka yote alichoma vitambaa vya watu. Uzi wake wa kushonea hakuwahi kuuchoma. Mkaguzi alikuwa ameinama akitafuta kidau cha wino mkobani, hakuona kitu. Mkwe aliona, akamkanyaga mama mkwe wake mguu, kwa heshima zote.

Moyo ulimuuma Mama Kiberiti, maana oda aliiona ikiondoka. "Mwanangu, usigonge muhuri kwanza," akasema. "Uzi wangu ni poliesta."

Ikabidi kitambaa na uzi vipimwe uzito, kisha lebo zote themanini zifumuliwe. Mkwe alinuna mpaka ya arobaini, hapo mama mkwe akaomba auchome na mtandio wa mkwe, ule anaodai ni wa hariri, wote wawili wakacheka hadi kazi ikasimama. Lebo mpya zikasema: pamba ya kilimo hai asilimia tisini na saba, uzi wa poliesta asilimia tatu. Muhuri ukagongwa.

Dukani, mwenye duka alisoma, akakunja uso. "Tulikubaliana mia, mama. Wenzako wote wananiletea mia."

"Sawa. Nichagulie moja ya hizo za mia."

Mwenye duka akashusha kijigauni kutoka rafuni. Mama Kiberiti akachomoa uzi, akawasha. Kidonge cheusi. Akaomba kingine. Kidonge cha pili.

Mwenye duka aliviangalia vidonge viwili juu ya kaunta, akaisoma tena lebo ya tisini na saba, akazipokea nguo zote themanini. Mama Kiberiti alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa.

"Mama, samahani. Hicho kiberiti, niachie."