Kompyuta Iliyoamka Mgeni

Mtaani walimwita Mama Chapa, kwa kuwa tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua za watu: maombi ya kazi, malalamiko ya maji, msamaha wa mpangaji kwa mwenye nyumba. Alianza na mashine ya chuma iliyovuma kama mvua ya mawe juu ya bati, akafikia kompyuta kuukuu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara. Vidole vyake vilibaki vya msichana. Macho ndiyo yaliyotangulia kuzeeka. Herufi za kawaida aliziona kama sisimizi waliokanyagwa, kwa hiyo zake zilitakiwa ziwe kubwa, nyeupe juu ya weusi, la sivyo hakuna kazi.

Diski ya ndani ya kompyuta ilipokufa, binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, alimwekea Linux, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kutoka kwenye flashi.

"Shangazi, mfumo wa namna hii ukizimwa husahau kila kitu," alimweleza. "Ila nimetenga sehemu ndani ya flashi ya kutunzia mipangilio yako. Ukikuza herufi leo, kesho utazikuta kubwa."

Na kweli alizikuta. Kisha asubuhi moja sisimizi wakarudi.

Tangu hapo, kila ilipowashwa, kompyuta iliamka kama mgeni aliyeshushwa njia panda: haijui lugha ya wenyeji, haijui saa, haiitambui printa iliyo ubavuni pake. Mama Chapa akawa anaomba macho kwa wapita njia. Muuza mkaa alimkuzia herufi, akaacha alama za vidole kwenye kila alichogusa. Mwalimu wa hesabu aliitambulisha printa. Watu wakazoea kupitia dirishani na kuuliza hali, kama wanaouliza mgonjwa.

"Imeamkaje leo?"

"Hainijui."

"Pole, mama. Hata jina?"

"Hata sura."

Walijaribu kuiacha bila kuzima, umeme ukakatika. Ndipo mwanawe wa kwanza akapiga simu. "Mama, hii si kazi tena, ni kuombaomba. Isipokaa sawa mpaka Jumamosi, chumba nampa kinyozi. Wewe upumzike."

"Nipumzike nifanye nini?"

"Ukae."

"Mwanangu, lini uliniona napiga chapa nimesimama?"

Lakini mwanawe alikuwa ameshaahidi, na kinyozi hakuwa mtu wa kusubiri Jumamosi ifike. Alhamisi aliingia na futi ya utepe, mpole kama daktari.

"Shikamoo mama. Endelea tu, sitakusumbua. Naomba uinamishe kichwa kidogo, hapo nyuma ndipo kitakapokaa kioo."

Mama Chapa akainama. Utepe ukapita juu ya kilemba chake.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe mama hutakuwepo."

"Marahaba," akajibu.

Jumamosi asubuhi binti wa kaka alikuwa safarini, ikabidi waitafute hitilafu kwa simu. Mume wa Mama Chapa, Fundi Saa, aliitwa asome kioo cha kompyuta. Huyu alistaafu kutengeneza saa akabaki na lenzi yake ya jichoni, na tabia ya kuandika jina lake kwenye kila alichonacho: ndoo, mwiko, kiti, hata ndani ya kisanduku cha miwani ya mkewe. Kinyozi naye alikuwepo, anapima mlango.

"Shangazi, unapowasha, unachagua mstari wa kuhifadhi mipangilio?"

"Wa pili, kama ulivyonifundisha. Nauhesabu kwa kidole."

"Flashi imejaa?"

"Nusu tupu," akasema Fundi Saa, lenzi ikigusa kioo.

"Mnaizima vizuri, au mnachomoa tu?"

"Mimi nichomoe?" Mama Chapa akahamaki. "Mimi hata mgeni simfukuzi hajamaliza chai!"

"Basi fungueni orodha ya sehemu za flashi. Mjomba, nisomee jina la kila sehemu."

"Ya kwanza: Linux." Fundi Saa akasafisha koo, akasoma kama mtu aliyeitwa jukwaani. "Ya pili: Mali ya Fundi Saa."

Utepe wa kinyozi ukajikunja wenyewe kwa kishindo.

"Mjomba, hilo jina kaliandika nani?"

"Flashi kainunua nani? Nilikuta neno la kigeni, nikafanya usafi."

"Mjomba! Mfumo ukiwaka huitafuta sehemu hiyo kwa neno lile lile nililoandika. Unabisha hodi, unaita, hakuna anayeitika. Unaona mwenyeji hayupo, unaanza maisha upya."

"Kwani mimi haukuniona?"

"Ulikuona. Haukujui."

Fundi Saa akaivua lenzi. "Kwa hiyo nitoke kwenye flashi yangu mwenyewe."

"Kama hamjaafikiana, wazee wangu," akasema kinyozi kwa upole, "mimi naweza kuanza na rangi ya ukuta."

Mama Chapa hakumgeukia. Aliushika mkono wa mumewe, ule wenye kalamu.

"Baba watoto, umo kwenye ndoo. Umo kwenye mwiko. Umo kwenye kisanduku cha miwani yangu. Na mimi hukuniandika popote, lakini umo. Niachie hii moja."

"Nitaandika kwa nje," mzee akasema.

"Kwa nje andika hata ukoo mzima!" simu ikapiga kelele.

Binti akataja neno herufi moja moja, Mama Chapa akabonyeza, Fundi Saa akahakiki kwa sauti ya msiba. Wakazima. Wakawasha. Herufi zikaja kubwa kama milango, nyeupe juu ya weusi, saa ikiwa sawa, na printa ikakohoa kama anayemtambua mwenzake.

Kinyozi, aliyekuwa kizingitini, akazisoma toka pale pale alipo. Akashusha pumzi.

"Sasa mimi, mama?"

"Vuta kiti. Unataka chumba cha namna gani?"

Akaanza kupiga chapa: KINYOZI ANATAFUTA CHUMBA.

"Vipimo?"

"Vipimo ninavyo," akasema kinyozi, akakunjua karatasi yake na kumsomea mlango, dirisha na ukuta wa kuwekea kioo, vya chumba kile kile. Na Mama Chapa akavichapa vyote, vidole vikikimbia.